Njia ya Petroli katika Pikapu Kuukuu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.)



Nimeombwa nizungumze juu ya magari, na najua wako kati yetu watakaouliza: karani na kabureta wana udugu gani? Jawabu langu ni hili. Katika ofisi nyingi za wilayani gari kuukuu la kazi halina fundi wake wa kudumu, lakini karani wake lipo naye siku zote. Yeye ndiye ashikaye daftari la safari, na yeye ndiye aandikaye hati ya petroli. Hesabu isipokaa sawa, karani ndiye wa kwanza kuulizwa, na dereva ndiye wa kwanza kushukiwa. Tena wengi wetu, tukikaribia kustaafu, hutoa akiba yetu au hukopa katika chama cha kuweka na kukopa, tukanunua pikapu iliyokwisha tumikia watu wengine miaka ishirini au thelathini. Siku izimikapo njiani, fundi wa kwanza husema nunua pampu, wa pili husema nunua kabureta, wa tatu husema nunua injini. Na mwenye mali, kwa kuwa hajui, hununua vyote vitatu kwa taratibu hiyo hiyo.

Sitasema juu ya magari yote. Nitashika moja nilijualo, nalo ni Toyota Hilux ya kabureta, hasa yenye injini iitwayo 22R. Hilux ya kwanza ilitengenezwa Japani mwaka 1968, na injini ya 22R ilianza mwaka 1981. Ina silinda nne, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,366. Mwenye Datsun au Peugeot ya zamani anaweza kunifuata bila taabu, maana njia ya petroli ni ile ile. Lakini mwenye 22R-E, ambayo hupuliziwa petroli kwa umeme wala haina kabureta, asinifuate. Msukumo wa petroli katika mabomba yake ni mkubwa kama mara kumi kuliko wa kwetu, na kulifungua bomba lake ovyo ni kujirushia petroli machoni.

Kabla ya yote, neno la hatari. Petroli haiungui sana kama ule mvuke wake unavyoungua, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini ukafika kwenye jiko la mama ntilie aliye mbali nasi. Kwa hiyo pasiwe na sigara wala taa ya moto, na gari lisifanyiwe kazi ndani ya banda lililofungwa. Na ile desturi ya kuvuta petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira yafaa iachwe kabisa. Petroli ikiingia mapafuni hata kidogo huleta maradhi makali ya kifua, na mtu aliyeimeza hapaswi kutapishwa, kwa sababu katika kutapika ndipo inapopata njia ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali.

Sasa tuingie kazini. Swali la kwanza si "petroli imeharibika wapi?" bali ni "je, ni petroli kweli, au ni moto?" Injini yataka vitu hivyo viwili, na ikikosa kimoja hufa. Nimeona kabureta nzima zikifunguliwa na kuoshwa barabarani, na kumbe waya wa koili umelegea. Njia ya kutambua ni rahisi, wala haitaki chombo. Zima injini. Ondoa kifuniko cha chujio la hewa, utazame ndani ya koo la kabureta, kisha uvute kwa mkono ule mkono wa chuma unaovutwa na pedeli ya mafuta. Petroli yapasa kuruka ndani kama mshipi mwembamba. Ikiruka, basi petroli imefika kwenye kabureta, na ukatafute habari za moto kwenye koili, distributa na plagi. Isiporuka, tazama kioo kidogo kilicho ubavuni mwa bakuli la kabureta. Kina alama, na petroli yapasa kusimama kwenye alama ile. Kikiwa kikavu, petroli haifiki, nasi tutarudi nyuma kuifuata mpaka tujue ilikozuiwa.

Njia yenyewe ni hii: tangi, bomba la kuvutia, chujio, pampu, bakuli la kabureta, ndipo jeti na koo. Pampu ya 22R imefungwa mbele juu ya kichwa cha injini, nayo haina umeme. Husukumwa na mzunguko wa kemushafti. Ina mabomba matatu, na watu wengi husahau la tatu. Moja huleta petroli toka tangini, moja huipeleka kwenye kabureta, na moja huirudisha tangini ile iliyozidi. Fundi akiyabadilishana mabomba hayo, gari haliwaki. Akilifunga lile la kurudisha kwa skrubu ili "kuokoa mafuta", gari litawaka vizuri asubuhi na kumfedhehesha mwenyewe saa nane mchana.

Anza na kifuniko cha tangi. Tangi likitolewa petroli lazima hewa iingie mahali pake. Ikizuiwa, pampu huvuta dhidi ya utupu mpaka ishindwe. Kifuniko cha asili kina tundu lake la hewa, lakini vifuniko vya asili vimekwisha potea zamani, na mahali pake pamezibwa kwa mfuko wa plastiki uliokazwa kwa mpira. Dalili yake ni kwamba gari huenda kilomita kadhaa vizuri, hupungua nguvu, huzimika, na likipumzika huenda tena. Lizimikapo, fungua kifuniko usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa kelele na gari likawaka mara moja, umeokoa fedha za pampu.

Lakini angalieni, dalili hiyo hiyo hufanywa na kutu ya tangi. Uchafu huvutwa ukaziba mdomo wa bomba. Gari likizimika, uvutaji hukoma, uchafu huanguka chini, na baada ya robo saa njia imekuwa wazi. Kwa hiyo kufungua kifuniko ndiko kunakotenga mashauri haya mawili. Ikiwa hapana kelele ya hewa wala mabadiliko, lishuku tangi. Chujio likikatwa na kumwagwa kwenye kitambaa cheupe, vumbi jekundu litakuambia lililobaki. Kununua chujio jipya kila wiki na kuliacha tangi na kutu yake ni kama kudeki sakafu huku paa linavuja. Na chujio lina mshale. Mshale uelekee pampuni.

Baada ya chujio iko mipira. Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana wanatafuta mpira unaovuja petroli. Mpira ulio kati ya tangi na pampu ukipasuka, huenda usidondoshe hata tone moja wakati injini inakwenda, kwa sababu humo petroli inavutwa, haisukumwi. Ufa ule huvuta hewa, na pampu huleta povu. Shika kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kama ule wa maji ya seremala, ukiunge kwa muda mfupi mbele ya pampu. Mapovu yakipita bila kwisha, hewa inaingia mahali. Usiuache mpira huo hapo, maana petroli huukausha ukapasuka.

Njia bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuikata njia katikati. Gari likiwa limesimama, ng'oa mpira unaotoka tangini, na mahali pake unga mpira mpya uliotumbukizwa katika galoni safi la petroli lililowekwa chini, mbali na betri na ekzosi. Injini ikienda vizuri sasa, kosa liko nyuma, yaani tangini, kwenye chujio au mipira ya chini. Ikiwa hali ni ile ile, kosa liko mbele, yaani kwenye pampu au kabureta. Kwa dakika kumi umepunguza nusu ya kazi, wala hujanunua kitu.

Kuipima pampu, ng'oa waya mwembamba uletao umeme wa swichi kwenye koili ili pasiwe na cheche. Ng'oa mpira wa petroli kwenye kabureta, uuelekeze katika chupa, kisha mwenzio apige stata kwa muda usiozidi nukta kumi. Pampu nzima hutema kwa mapigo manene yaliyo sawa. Ikitiririsha kinyonge, na tumekwisha hakikisha ya nyuma, pampu imechoka. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachopanda na kushuka. Kikitoboka, petroli hutoka kwenye tundu dogo la chini ya pampu, au hushuka ndani ya injini ikachanganyika na oili. Kwa hiyo vuta kijiti cha oili, ukitazame na ukinuse. Oili iliyozidi alama ilhali hakuna aliyeiongeza, nayo yanuka petroli, si baraka. Oili hiyo ni nyepesi, haiwezi kulinda beringi za injini. Gari lisiendeshwe hata kilomita moja mpaka kosa liondolewe na oili ibadilishwe.

Nimefika kwenye kabureta, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo lilipo jambo lililonifanya nikubali kusimama mbele yenu.

Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa na Hilux ya namna hii. Kwa miaka daftari lilionyesha kilomita 9 kwa lita. Safari ya mzunguko wa wiki ilikuwa kilomita 540, yaani lita 60. Kisha hesabu ikaanza kuteremka, ikafika kilomita 6 kwa lita; safari ile ile ikala lita 90. Lita 30 kila wiki hazikuwa na maelezo. Dereva aliitwa, akaulizwa, akasema hajui. Aliandikiwa barua ya kujieleza, kisha akakatwa mshahara kwa miezi mitatu kufidia petroli aliyodaiwa kuiuza. Mtu huyu ana watoto wanne shuleni. Hakuna aliyefungua boneti.

Gari lilipoletwa kwa fundi kwa sababu nyingine, kioo cha kabureta kilionyesha petroli imepanda juu ya alama hata alama yenyewe haionekani. Ndani ya bakuli mna boya, na boya hupandisha sindano inayofunga mlango wa petroli bakuli lijaapo. Ncha ya sindano ilikuwa imelika, haifungi. Petroli ilikuwa ikimiminika kooni mchana kutwa, na injini ikainywa ikaitema kwa moshi mweusi. Plagi zote nne zilikuwa zimevaa masizi makavu meusi kama sufuria ya kuni. Oili ilinuka petroli. Sindano mpya ilitiwa, na wiki iliyofuata daftari likarudi kilomita 9 kwa lita.

Ndugu zangu, petroli iliyoibwa haiachi masizi kwenye plagi. Ikiwa dereva amefyonza petroli akaiuza, injini haina habari. Plagi zake zitakuwa na rangi yake ya kawaida, moshi wake utakuwa safi, na oili yake haitanuka. Lakini petroli iliyopita ndani ya injini bila kuungua sawasawa huacha ushahidi katika mahali patatu: plagi, mdomo wa ekzosi, na kijiti cha oili. Ni kazi ya nusu saa kwa spana moja ya plagi. Fedha za dereva yule hazijarudishwa mpaka leo, na shauri lake limo katika barua za chama hiki. Bwana Katibu atalisema kwa wakati wake. Mimi naomba tu kwamba katika kila ofisi yenye mwanachama wetu, karani asiandike neno "upotevu" katika taarifa yake kabla plagi hazijang'olewa na rangi yake kuandikwa katika karatasi ile ile.

Juu ya rangi hiyo, vitabu vya zamani vya mafundi vitawapoteza kidogo. Vilisema plagi njema ni ya rangi ya kahawia, kwa kuwa vilitungwa wakati petroli ilitiwa risasi. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikubaliana huko Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli ya namna hiyo, na kufikia mwanzo wa 2006 zikawa zimeiacha. Kwa petroli ya sasa plagi njema huwa nyeupe-nyeupe yenye ukijivu au ukahawia hafifu. Nyeusi kavu ni petroli nyingi mno. Nyeusi yenye mafuta ni oili inayopanda, nalo ni shauri la pistoni wala si la kabureta. Nyeupe kabisa kama chokaa, na gari likakosa nguvu na kupasua-pasua, mara nyingi ni petroli chache: jeti imeziba, au hewa inaingia kwenye gasketi iliyo chini ya kabureta.

Jeti ikiziba, isafishwe kwa upepo na dawa ya kusafishia kabureta. Wako mafundi wapenzi wa uzi wa waya wa breki ya baiskeli. Tundu la jeti limepimwa kwa sehemu za milimita. Ukilikwangua kwa waya umelipanua, na kuanzia siku hiyo gari litakula zaidi, na dereva atashukiwa tena.

Iko na dalili ya gari linalowaka lakini haliwezi kusimama bila kukanyagiwa mafuta. Mafundi husema halishiki sailensi. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha ng'oa na kurudisha waya wa ile solenoidi ndogo iliyo kwenye kabureta. Yapasa ilie "tik". Kazi yake ni kufunga njia ya petroli ya sailensi injini izimwapo. Ikikosa umeme hukaa imefunga, na fundi atageuza skrubu zote hata jioni bila faida. Mara nyingi ni fyuzi tu.

Wanachama wa nyanda za juu wana shida yao. Hewa ya mahali kama Iringa, palipo na urefu wa mita kama 1,600 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, lakini jeti ni ile ile. Gari lililopimwa vizuri pwani litakuwa na petroli nyingi kidogo likifika juu, na plagi zake zitakuwa nyeusi kidogo bila kosa la mtu. Na njiani upo mlima Kitonga. Gari likipanda pale kwa gia ndogo na mzigo mkubwa, upepo wa kulipoza ni mdogo, joto hupanda, na petroli yaweza kuchemka ndani ya pampu na mabomba ikawa mvuke, nayo pampu haiwezi kusukuma mvuke. Watu hufunga kitambaa kibichi juu ya pampu, wakangoja, wakaenda. Hilo si ushirikina. Kitambaa hupoza kweli. Lakini koili iliyochoka nayo hufa kwa joto na kufufuka ikipoa, kwa hiyo usingoje ipoe ndipo utazame. Mara tu lizimikapo, vuta ule mkono wa kabureta utazame kooni. Petroli ikiruka, kitambaa kifungwe kwenye koili.

Mwisho niseme juu ya petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Biashara hiyo ilizidi mpaka EWURA ikaanza, mwaka 2010, mpango wa kutia alama ya siri katika mafuta ili wachakachuaji wagunduliwe. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo huwaka kwa taabu asubuhi, hutoa moshi, na hugonga ikipanda mlima. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uliache kivulini. Petroli safi hukauka pasipo doa la mafuta, na mafuta ya taa huacha alama ya utelezi. Kwa maji, jaza chupa ya kioo, uitulize. Maji hukaa chini na mstari huonekana. Jambo hili lifanywe mbele ya mwenye kituo, na stakabadhi iwe mkononi.

Bwana Mwenyekiti, Hilux ya mjumbe wetu mmoja iko nje chini ya mwembe, boneti wazi na injini imekwisha poa. Spana ya plagi ninayo. Wanaotaka kuona alama ya kioo na kuisikia solenoidi ikilia, tafadhali watoke watano watano, na sigara zibaki humu ndani.